Hema la bei poa, fito za 7.9 na koti la 800: linatosha ufukweni Kigoma?

#1 Mgebuka

Wakuu, kuna hema hapa soko la Mwanga tunataka kulinunua, ila kabla hela haijatoka naomba mlihukumu kwa maelezo yaliyo kwenye lebo, si kwa bei yake. Lebo inasema hivi:

Watu 4. Sakafu sentimita 210 kwa 210, kimo 130. Fito 2 za faiba, unene milimita 7.9. Kitambaa cha juu poliesta 190T (kipimo cha wingi wa nyuzi), PU 800 mm. Sakafu poliethilini ya kusukwa, gramu 110 kwa mita ya mraba. Mlango 1, dirisha la neti 1. Vigingi 12, kamba 4. Uzito kilo 2 na ushee.

Kazi yake: usiku mbili mwezi wa saba ufukweni upande wa Katonga, watu watatu. Likifaa, litumike tena Desemba kule Uvinza. Koti la juu (kile kitambaa cha mvua) halifiki chini, linaishia kama katikati ya ukuta.

#2 Fundi Turubai

Mkuu, umefanya la maana kuandika lebo yote. Tuipitie.

"Watu 4" kwenye 210 ni sentimita 52 kwa kila mtu. Mtu mzima akilala chali anahitaji 60 hadi 65 bila kubanwa. Kwa hiyo hilo ni hema la watu watatu wasio na mabegi, au wawili na mizigo yao. Kwa mahema ya bei hiyo huwa napunguza mtu mmoja kila mara, na mkiwa na mabegi makubwa punguzeni wawili.

PU 800 ndiyo namba inayowachanganya wengi. Maana yake ni kwamba kitambaa kimebanwa chini ya mrija uliosimama, maji yakapandishwa polepole, na matone ya kwanza yakapenya maji yalipofika urefu wa milimita 800. PU ni ule utando wa poliurethani uliopakwa upande wa ndani, ule unaong'aa. Kwa koti la mvua wengi huanzia 1500 na kupanda. Hiyo 800 inazuia manyunyu na mvua ya wastani inayodondoka wima. Mvua ya kusukumwa na upepo, au kitambaa kikilegea maji yakatuama, hapo inapenya. Na kumbuka namba hiyo ni ya kitambaa kipya. Kila kukunja na kila jua la mchana linaishusha.

Sakafu sasa. Poliethilini ya kusukwa ni ndugu ya turubai la kawaida. Yenyewe haipitishi maji kirahisi, tatizo lake ni matundu madogo ya mawe na nyufa pale inapokunjwa kila siku kwenye mstari uleule. Linganisha: mtu wa kilo 70 akilala, uzito umesambaa kama nusu mita ya mraba, shinikizo ni sawa na maji ya milimita 140 tu. Mtu huyohuyo akipiga magoti, eneo linaloshika chini ni kama sentimita 100 za mraba, shinikizo linaruka hadi sawa na milimita 7000. Ndiyo maana sakafu "haivuji" usiku kucha, halafu asubuhi mkipiga magoti kukunja mablanketi mnaona maji. Turubai la gramu 110 kwa hilo linajitahidi kuliko kitambaa cha PU cha bei hiyohiyo.

Angalia jambo moja ambalo lebo haikusema: je, sakafu inapanda ukutani sentimita 10 hadi 15 kama beseni, au imeshonwa na ukuta palepale chini? Ikiwa imeshonwa chini, mshono uko kwenye tope.

#3 Kuhe

800 ni takataka. Achana nalo, tafuta la 3000. Mjadala umefungwa.

#4 Mwendo wa Kusi

Kuhe, punguza mwendo. Mwezi wa saba Kigoma mvua iko wapi? Kuanzia Juni hadi Agosti huku karibu hakuna mvua kabisa. Ukimwuzia mtu namba ya mvua kwa safari ya mwezi wa saba unamwuzia mwavuli wakati shida yake ni upepo. Kiangazi kusi inavuma kutoka kusini-mashariki na ziwa lenyewe limelala kaskazini kusini, kwa hiyo upepo unapata njia ndefu isiyo na kizuizi. Kinachoangusha hema pale ni fito, kamba na vigingi.

Fito za 7.9. Kwa fito za aina moja, ugumu wa kupinda unakua kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Fanya hesabu: 8.5 ni ngumu kuliko 7.9 kwa karibu theluthi moja, na 9.5 ni ngumu mara mbili. Tofauti ya milimita moja na nusu machoni si kitu, ila kwenye upepo ni hema linalosimama na hema linalowalalia usoni. Kwa kimo cha 130 na mkao wa mita 2, fito za 7.9 zinavumilia upepo wa kawaida iwapo kamba zote zimefungwa. Bila kamba, hapana.

Ukaguzi wa fito dukani:

Unganisha vipande vyote, pinda fito kwa kiasi kilekile cha hema, usizidishe. Tazama pale kipande kinapoingia kwenye mrija wa bati. Faiba haikatiki kama kuni, inapasuka kwa urefu kuanzia hapo. Ukiona mstari mweupe au nyuzi, usichukue. Usipapase kwa mkono mtupu, vibanzi vya faiba vinaingia ngozini na kuvitoa ni taabu. Pitisha kitambaa laini au mfuko wa nailoni: ukikwama, pana nyuzi. Halafu vuta kamba ya mpira ya ndani. Ikiwa imelegea, vipande vitaachana kidogo wakati wa kusimamisha, na kipande ambacho hakikuingia hadi mwisho ndicho kinachopasuka. Nusu ya fito zinazovunjika zinavunjwa na wenyewe kwa haraka, si na upepo.

Kamba 4 hazitoshi. Tazama kwenye koti kama kuna vitanzi vya kamba katikati ya ukuta, si kwenye pembe tu. Vikiwepo, nunua mita 12 za kamba ya manila nyembamba ya milimita 3 au 4, ongeza nne. Visipokuwepo, fundi cherehani anashona kipande cha ukanda wa begi hapo, ila ashone juu ya kiraka kipana kama kiganja, la sivyo kitanzi kitang'oka na kitambaa chake.

#5 Mwendo wa Kusi

Nimesahau vigingi. Hivyo 12 vya waya wa urefu wa kiganja ni vya bustani ya nyasi. Kwenye mchanga wa ufukweni unavitoa kwa kidole. Badala yake: viroba vidogo 8, kila kimoja jaza mchanga kilo 5, funga kamba kiunoni si mdomoni, chimba sentimita 30, laza, fukia na kanyaga. Chimba pia kijifereji chembamba ambamo kamba inatokea kuelekea hema, ili ikivutwa ikivute kiroba kwa ubavu. Ukikosa hicho kijifereji, kamba inakinyanyua kwenda juu na kazi yote inakuwa bure. Kipande cha mti cha nusu mita kikilazwa hivyohivyo kinafanya kazi sawa.

Kamba itoke kwenye hema kwa mshazari, umbali wa kigingi uwe sawa na urefu wa pale ilipofungwa au zaidi. Wabahili wa nafasi wanazisimamisha wima halafu wanalaumu hema.

Na msidhani upepo utakaa upande mmoja. Mchana unatoka ziwani, usiku unageuka, unashuka kutoka vilimani kwenda majini. Mlango usielekee kusini-mashariki, lakini pande zote nne zifungwe.

#6 Binti Ujiji

Nimewasoma kaka zangu. Mnaongea kama hema limeshanunuliwa. Naongeza ukaguzi wa dakika kumi hapohapo kibandani, muuzaji akikataa lisisimamishwe, hiyo nayo ni taarifa.

Ingia ndani, funga kila kitu, jua likiwa juu. Tazama mishono ya koti. Vitone vya mwanga kwenye tundu za sindano ni kawaida kwa hema lisilo na utepe. Utepe ni ule mkanda unaoonekana kama plastiki uliobandikwa kwa moto juu ya mshono upande wa ndani. Ukiwepo, kwangua ncha kwa ukucha. Ukibanduka kirahisi, chukulia haupo.

Shika mshono kwa vidole gumba viwili, vuta pande zote. Matundu ya sindano yakifunguka hadi unaona nyuzi zimesimama kama ngazi, mshono ni mlegevu. Hesabu pia: mishono mitatu hadi minne kwa sentimita ni sawa, miwili ni ya haraka haraka.

Zipu: fungua na ufunge mara kumi, hasa kwenye kona ya mlango. Kama kitambaa cha pembeni kinaingia kwenye meno kila mara, itakuwa hivyo hadi siku itakapokufa. Kijibati cha zipu kikifunga huku meno yakiachia nyuma yake, kimepanuka. Kinabanwa kidogo kwa koleo pande zote mbili, ila kwa hema jipya usikubali kuanza na hilo.

Kipimo cha kitambaa: weka mdomo kwenye koti, upande wa nje, upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, utando haupo au ni wa kupaka rangi tu. Kisha nyumbani, kabla ya safari: kunja sehemu ya koti iwe kama kibakuli, mimina maji nusu lita, ning'iniza robo saa, weka karatasi chini. Unyevunyevu kidogo si neno. Matone yakidondoka, hiyo 800 iliandikwa na mtu mwenye matumaini.

Mwisho mlisimamishe uani, mlimwagie maji kwa bomba au ndoo iliyotobolewa matundu madogo chini, dakika 20, kuanzia juu na siyo kwa ubavu. Ndani bandika karatasi za chooni kando ya mishono na kwenye kona nne za sakafu. Karatasi inaonyesha ni wapi hasa, jicho linadanganywa na maji yanayotembea.

#7 Kuhe

Sawa, kwa Julai nimekubali. Ila Desemba bado ni takataka. Na hiyo mishono dawa yake rahisi, silikoni ya madirisha, tyubu moja unamaliza hema zima.

#8 Fundi Turubai

Hapana mkuu, hapo ndipo watu wanaharibu mahema. Silikoni haishiki kwenye utando wa PU. Ikikauka inabanduka kama ngozi ya nyoka, na ikishapita hapo hakuna gundi nyingine itakayokubali kushika juu yake. Silikoni ni ya vitambaa vilivyopakwa silikoni, navyo huvipati kwa bei hiyo.

Kwa koti la PU tumia gundi ya poliurethani. Ipo maduka ya vifaa vya ujenzi kwenye tyubu kubwa, imeandikwa PU na si silikoni, soma vizuri. Paka upande wa ndani, koti likiwa limevutwa, safu nyembamba ya upana wa sentimita moja, sukuma iingie kwenye matundu kwa kidole kilichovaa nailoni. Acha siku nzima. Kabla ya kukunja nyunyiza poda ya watoto, la sivyo mishono itashikana yenyewe kwa yenyewe.

Gundi ya viatu, ile ya manjano: nzuri kwa kiraka cha dharura, pande zote mbili zipakwe, zisubiri dakika kumi, ndipo zikutane. Mshono mzima usipake, ukikauka unakuwa mgumu na kupasuka. Nta ya mshumaa ipake kwenye zipu tu. Kwenye poliesta jua la Kigoma linaiyeyusha mchana mmoja.

#9 Reli ya Kati

Salamu kutoka Tabora. Kwa hilo la Desemba naomba nichangie maana Uvinza ni miombo kama huku kwetu.

Koti nusu ni tatizo kubwa kuliko hiyo 800. Hata mkiziba mishono yote, mvua ya upepo inapiga ukuta wa chumba cha ndani ambao hauna utando, na dirisha la neti liko hapohapo. Msipoteze hela kubadili koti. Nunueni turubai la mita 4 kwa 5, kamba mita 15, mlitandaze juu ya hema. Kamba ya uti ifungwe kwenye miti miwili kwa urefu wa kama mita 1.8, turubai lipite juu, upande mmoja ushuke zaidi, ule mvua inakotokea. Libaki pengo la nusu mita juu ya hema. Maji yanamwagika mita moja mbali na sakafu na hema linabaki kazi ya mbu na faragha. Hapo hata hiyo 800 inatosha.

Lakini turubai hilohilo Julai pale ufukweni msiliweke. Mita 20 za mraba kwenye kusi ni tanga la mashua.

Turubai la chini ya hema: likatwe au likunjwe liwe dogo kuliko sakafu, sentimita 5 hadi 10 kila upande. Likichomoza nje linakinga maji ya ukutani na kuyapeleka chini ya migongo yenu. Kosa hili linafanywa na watu wenye mahema ya bei kubwa pia.

Mahali pa kusimamisha: pa juu kidogo, si korongoni, si njia ya maji hata kama ni kavu leo. Tazama majani na taka zilizolala mstari mmoja, huo ni mkondo. Juu angalieni matawi makavu. Radi ikianza, hema halikingi chochote, ingieni kwenye gari au nyumba.

#10 Mgebuka

Nashukuru wakuu, nimerudi na majibu. Sakafu inapanda kama sentimita 12, mishono ya koti haina utepe, vitanzi vya katikati vipo vinne. Pumzi haipiti. Fito moja ina kamba ya mpira iliyolegea. Pembeni kuna muuzaji wa mtumba ana hema la Ulaya, fito za alumini, koti linafika chini, bei ni karibu hiyohiyo. Lina harufu kidogo. Lipi?

#11 Fundi Turubai

Harufu gani? Kama ni ya vumbi au ukungu, linafulika kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila mashine. Kama ni kali ya uchachu, kama matapishi ya mtoto, na upande wa ndani wa koti unanata ukibonyeza kwa kiganja, basi PU imeanza kuoza. Unyevu ukikaa kwenye kitambaa kilichokunjwa miaka, utando unavunjika kikemia. Haurudi. Baada ya mvua mbili utabanduka kama magamba. Hilo liache hata kama fito ni za dhahabu.

Lisiponata, chukua la mtumba, kwa sharti kwamba unalisimamisha lote palepale. Mahema ya mtumba mara nyingi yanakosa kipande kimoja cha fito, na fito za alumini za kulingana hazipatikani hapa.

#12 Binti Ujiji

Na neti ya huo mtumba uitazame vizuri. Tundu moja la upana wa kidole linatosha mbu wote wa Ujiji. Kiraka cha neti ya chandarua na uzi wa poliesta kinamaliza kazi. Mbu wanazuiwa na neti ya kawaida, usubi unapita, hivyo kama pana usubi chagua neti ya matundu madogo kabisa.

Siafu hawahitaji tundu kwenye kitambaa, wanapitia pale zipu mbili zinapokutana kwenye kona ya chini. Zifunge zikutane juu. Mkija kutumia hema hili hifadhini Gombe baadaye, chakula kisilale ndani, nyani wanachana ukuta wakifuata ndizi, na hapo gundi ya Fundi haisaidii.

#13 Mwendo wa Kusi

Ufukweni: msisogee midomo ya mito, viboko wanapanda hapo usiku kula. Na tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021 fukwe nyingi zimebaki nyembamba, hivyo pimeni kutoka alama ya juu ya mawimbi, ule mstari wa makapi, si kutoka maji yalipo jioni.

#14 Kuhe

Swali la kweli sasa. Hema la pili la koti refu, asubuhi ndani litakuwa limelowa bila mvua. Hapo utasema halivuji?

#15 Reli ya Kati

Swali zuri. Mtu mmoja akilala anatoa karibu theluthi hadi nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho. Watatu, zidisha. Usiku Julai kunapoa, koti linapoa kwanza, mvuke unageuka matone upande wake wa ndani. Kulitofautisha na kuvuja: kuvuja kunaanza kwenye mshono au kona na kunatiririka mstari, mvuke unatanda kama umande kote na uko mwingi zaidi juu ya vichwa.

Dawa ni tundu la hewa la juu liwe wazi usiku kucha, dirisha nusu, na kati ya koti na chumba pabaki pengo la ngumi moja. Kamba zilizolegea ndizo zinazolaza koti juu ya ukuta wa ndani na kupitisha unyevu. Baridi ikiwashika vaeni, msiingize jiko la mkaa. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini, hata zipu ikiwa nusu wazi.

#16 Mgebuka

La mtumba linanata. Nimeliacha. Nimechukua la kwanza, muuzaji amebadilisha fito yenye mpira mlegevu. Nimeongeza viroba 8, kamba mita 12, na tyubu ya PU. Turubai nitanunua Novemba. Fito ikipasuka kule Katonga tunafanyaje?

#17 Mwendo wa Kusi

Beba mrija wa chuma au alumini wa sentimita 10 ambao 7.9 inapita ndani bila kucheza sana. Antena kuukuu ya redio ina vipande vya kila saizi, nenda na fito yako kwa fundi redio mkapime. Fito ikipasuka, telezesha mrija ukae katikati ya ufa, zungushia tepu ncha zote mbili, endelea. Tepu mita 2 zungushia kwenye chupa ya maji, haichukui nafasi.

Na hema likirudi, lianike kivulini hadi likauke kabisa kabla ya kulikunja, safari hii kunja mistari tofauti na ya kiwandani.